Betri kwenye gridi ya taifa zinunuliwe kwa kazi gani?

Gridi ya umeme ni mfumo usio na ghala. Umeme unaotoka kwenye mtambo sharti upate mtumiaji wakati huohuo, na anayewasha pasi Mwanza au Nakuru hupata umeme uliozalishwa sekunde ileile. Uwiano huo husomwa kwa kipimo kimoja kiitwacho masafa, ambacho Afrika Mashariki, Ulaya na Australia ni hezi 50, na Marekani hezi 60. Matumizi yakizidi uzalishaji, mashine zinazozunguka kwenye mabwawa na kwenye vituo vya gesi huanza kupoteza mwendo na masafa hushuka. Yakishuka mno, mitambo hujizima ili isiharibike. Kila unaozima huwaachia wenzake mzigo mkubwa zaidi, na ndani ya dakika chache nchi nzima huwa gizani.

Kwa muda mrefu dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuweka mitambo ya akiba na kuhifadhi maji. Usiku, umeme usio na mnunuzi hutumika kusukuma maji kutoka bwawa la chini hadi la juu. Mahitaji yanapopanda, maji yaleyale huteremshwa kupitia turbini. Kituo cha Dinorwig, kilichochimbwa ndani ya mlima huko Wales, kimefanya kazi hiyo tangu 1984, na kile cha Bath County, Virginia, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 3,000, tangu 1985. Shida ya vituo hivyo ni kwamba vinataka mlima, maji na miaka mingi ya ujenzi, na si kila nchi ina vyote vitatu.

Betri nazo si ngeni kwenye gridi. Berlin Magharibi, mji uliokuwa umezingirwa na Ujerumani Mashariki na ambao gridi yake ilijitegemea kama kisiwa, ulifungiwa mwaka 1986 betri za risasi na asidi zenye nguvu ya megawati 17 ili kutuliza masafa. Chino, California, ilipata za megawati 10 mwaka 1988. Mwaka 2003 mji wa Fairbanks, Alaska, ambako umeme ukikatika wakati wa baridi kali mabomba huganda, ulijenga kituo cha betri za nikeli na kadimiamu kilichoweza kutoa megawati 27 kwa robo saa, muda wa kutosha kuwasha jenereta. Zote zilikuwa nzito na ghali, zikabaki kuwa suluhisho la mahali penye shida ya pekee. Kilichobadilisha hesabu ni litiamu. Betri ya litiamu iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 kwa ajili ya kamera, ikahamia kwenye simu, kisha kwenye magari, na kila ilipohama viwanda viliongezeka na bei ikaporomoka. Kwa makadirio ya kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, uwezo wa kuhifadhi uniti moja ya umeme, ambao mwaka 2010 uligharimu zaidi ya dola 1,000, ulifika dola 115 mwaka 2024. Gridi haikuchangia sana safari hiyo. Ilivuna tu kilichopandwa na wenye simu na magari.

Ukiitazama kwa karibu, betri ya gridi haina la kustaajabisha. Ni safu za makontena ya chuma, mengi ya ukubwa wa kontena la futi 20 linaloshushwa bandarini, yaliyopangwa juu ya zege ndani ya uzio, kwa kawaida jirani na kituo cha kupozea umeme. Ndani ya kila kontena mna maelfu ya seli kwenye makabati, mabomba ya kupoza, vihisi joto, na kompyuta inayozichunga seli zote. Seli hutoa mkondo mnyoofu ilhali gridi hutumia mkondo geu, kwa hiyo kati yao huwekwa inveta, na nje transfoma ya kupandisha volti. Inveta ndiyo moyo wa kituo. Haina gurudumu la kuongezwa mwendo wala vali ya mvuke ya kufunguliwa, hivyo hutoka sifuri hadi nguvu kamili katika sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna turbini inayoweza hivyo.

Habari nyingi kuhusu betri hutaja megawati peke yake, na hapo ndipo wasomaji wanapopotezwa. Megawati ni upana wa bomba linalotoka kwenye simtanki. Megawati-saa ni ujazo wa simtanki lenyewe. Kituo cha megawati 100 chenye akiba ya megawati-saa 400 kitatoa megawati 100 kwa saa nne, kisha kitakuwa kitupu hadi kichajiwe. Na katika kila uniti 100 zilizoingia, zinazotoka ni kama 85. Betri haizalishi chochote, na kidogo inachokula hakirudi. Anayenunua betri hununua muda: uwezo wa kuuchukua umeme wa saa hii na kuupeleka saa nyingine, au kuziba pengo la sekunde kumi mpaka mitambo mingine iamke. Kazi hizo mbili zina wateja tofauti na bei tofauti, na historia fupi ya betri hizi inaonyesha kwamba zimekua pale tu ambapo kuna aliyekubali kuzilipia.

Kazi ya sekunde ilipata umaarufu Australia Kusini. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo za njia kuu za umeme, mashamba kadhaa ya upepo yakapunguza uzalishaji ghafla, na jimbo zima lenye watu takriban milioni 1.7 likazimika. Wanasiasa waligombana juu ya nani alaumiwe, upepo au nguzo. Machi 2017 Elon Musk wa Tesla alitangaza kwamba angejenga betri ya megawati 100 ndani ya siku 100 tangu kusainiwa mkataba, la sivyo aitoe bure. Kituo cha Hornsdale, jirani na mji wa Jamestown, kikimilikiwa na kampuni ya Neoen ya Ufaransa, kilifunguliwa tarehe 1 Desemba 2017 kikiwa na megawati 100 na akiba ya megawati-saa 129.

Hakikukaa wiki mbili bila kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, muda mfupi kabla ya saa 8, mashine moja ya makaa ya mawe katika kituo cha Loy Yang, jimbo la Victoria, ilijitoa ghafla na gridi ikapoteza megawati 560. Masafa yalishuka hadi kama hezi 49.8. Betri iliyokuwa umbali wa karibu kilomita 1,000 ilianza kusukuma umeme papo hapo, kabla mtambo wa Gladstone huko Queensland, uliokuwa na mkataba wa kazi hiyo, haujaitikia. Ilitoa megawati 7 hivi. Vyombo vya habari vilishangilia kana kwamba betri imeiokoa Australia, jambo ambalo halikuwa kweli, kwani megawati 7 ni tone mbele ya 560. Kilichothibitika ni kasi yake, na kasi hiyo ilikuwa na soko. Australia hulipia huduma ya kutuliza masafa kwa bei inayoshindaniwa, na huko Australia Kusini biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa vituo vichache vya gesi vilivyojipangia bei. Betri ilipoingia, bei zilianguka. Tathmini ya washauri wa Aurecon ilionyesha kwamba mwaka 2019 pekee watumiaji waliepuka gharama ya zaidi ya dola milioni 100 za Australia, ilhali ujenzi wenyewe ulikuwa umegharimu takriban milioni 90.

Kazi ya pili, ya kuhamisha umeme wa mchana hadi jioni, imefunzwa na California kuliko mahali pengine popote. Jimbo hilo lilifunga sola nyingi kiasi kwamba saa 7 mchana umeme hukosa mnunuzi, na jua likizama mitambo mingine hutakiwa kupanda kwa maelfu ya megawati ndani ya saa tatu. Mwaka 2013 waendeshaji wa gridi walichora mstari wa mahitaji hayo wakaona umefanana na bata, na jina likashika. Lakini betri hazikuja kwa sababu ya mchoro. Sheria ya mwaka 2010 iliwapa wadhibiti mamlaka ya kuyalazimisha makampuni ya umeme yanunue hifadhi, na mwaka 2013 yakapewa lengo la megawati 1,325 kufikia 2020. Kisha ghala la gesi la Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, likavuja kuanzia Oktoba 2015, na betri za dharura zikafungwa kwa miezi michache kufidia gesi iliyokosekana.

Hata hivyo zilikuwa chache mno. Jioni za tarehe 14 na 15 Agosti 2020, katikati ya wimbi la joto, California ilikata umeme kwa zamu kwa mamia ya maelfu ya wateja. Mchana umeme ulikuwepo. Upungufu ulianza jua lilipozama. Wakati huo jimbo lilikuwa na betri za megawati 500 hivi. Tarehe 6 Septemba 2022 mahitaji yalivunja rekodi kwa kufika megawati 52,061, betri zikatoa zaidi ya megawati 3,000, simu za wananchi zikapokea ujumbe wa kuwaomba wazime vifaa, na hapakuwa na mgao. Kufikia Aprili 2024 uwezo ulikuwa umepita megawati 10,000, na jioni ya tarehe 16 mwezi huo, baada ya saa 2 usiku, betri zilitoa zaidi ya megawati 6,000 na kwa muda zikawa chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi, kuliko gesi na kuliko maji. Miaka minne ilitosha kulifikisha jimbo hapo. Texas, ambako serikali haikulazimisha mtu, imefuata njia ileile kwa sababu soko lake hupandisha bei ya umeme kupita kiasi jioni za joto, na mwenye betri hununua mchana kwa bei ya chini na kuuza jioni.

Lakini California pia ndiyo iliyoonyesha hatari yake. Kituo cha Moss Landing, pwani ya Monterey, kilichoanza na megawati 300 na akiba ya megawati-saa 1,200, kiliziweka betri zake ndani ya jengo la zamani la turbini. Tarehe 16 Januari 2025 jengo hilo lilishika moto. Zaidi ya watu 1,000 waliondolewa majumbani, barabara kuu ya pwani ikafungwa, na wazimamoto wakaachia moto ujimalize wenyewe kwa kuwa seli za litiamu zikianza kuwaka hujipa joto na maji hayazizimi kirahisi. Baadaye watafiti walipima udongo wa kinamasi cha Elkhorn kilicho jirani wakakuta nikeli, kobalti na manganizi nyingi kuliko awali. Si haki kuzihukumu betri zote kwa moto huo, na pia si busara kuusahau. Zilikuwa za kemia ya nikeli, manganizi na kobalti, zimebanwa ndani ya jengo moja. Vituo vya sasa hupangwa nje, kontena na kontena zikiachiana nafasi, na vingi hutumia kemia ya litiamu, chuma na fosfeti, ambayo huhimili joto zaidi.

Kemia hiyo ya chuma ilianzia katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990, na viwanda vya China ndivyo vilivyoishusha bei. Kwa wasemaji wa Kiswahili matokeo yake yako karibu kuliko inavyodhaniwa. Haitumii kobalti hata kidogo, na kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya mgodi. Kuhama kwa wanunuzi kuelekea chuma, pamoja na uzalishaji uliozidi, kulichangia bei ya kobalti kuanguka, hadi Kinshasa ikasimamisha usafirishaji wake nje Februari 2025. Kinywe (grafiti), kwa upande mwingine, hutumika katika kemia zote mbili, na Tanzania inayo Mahenge na Ruangwa. Usindikaji wake wa mwisho, hata hivyo, karibu wote hufanyika China, na kuuza kinywe ghafi ili kununua betri kamili ni biashara ambayo wakulima wa pamba wa Shinyanga wanaijua vizuri.

Kusini mwa Afrika betri za gridi zimekwisha anza kazi. Malawi ilifungua kituo cha sola cha Golomoti mwaka 2022, megawati 20 zikiwa na betri ya megawati 5 na akiba ya megawati-saa 10. Afrika Kusini, iliyochoshwa na mgao, ilizindua betri ya shirika lake la umeme, Eskom, huko Worcester mwaka 2023, na mradi wa Kenhardt katika jimbo la Northern Cape ukaanza mwishoni mwa mwaka huohuo. Mkataba wa Kenhardt unastahili kusomwa na kila ofisa wa nishati wa Afrika Mashariki. Kituo kina sola ya megawati 540 na betri za megawati-saa 1,140, lakini kilichouzwa ni megawati 150 kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 na nusu usiku. Mnunuzi hakununua paneli wala makontena; alizinunua saa hizo, na mwenye mradi akajua mwenyewe afunge betri kiasi gani.

Kenya na Tanzania zina sababu zao, tofauti na za California. Hazina ziada ya jua inayomwagwa mchana. Mahitaji ya Kenya, yaliyopita megawati 2,300 mwaka 2025, hufika kilele kati ya saa 1 na saa 4 usiku watu wanaporudi nyumbani, kisha hushuka sana usiku wa manane. Saa hizo ndipo upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hauna pa kwenda, hivyo sehemu yake huachiwa hewani, nao ni mvuke uliochimbwa kwa fedha za mikopo. Betri inayochajiwa saa 9 usiku na kutumika saa 2 usiku unaofuata ingeupatia umeme huo mnunuzi.

La haraka zaidi ni zile sekunde. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ilizimika, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza baada ya jenereta kushindwa kuwaka. Kenya Power ilitaja kutoka ghafla kwa kituo cha upepo cha Ziwa Turkana, chenye megawati 310. Wenye kituo wakajibu kwamba hitilafu ya volti kwenye gridi ndiyo iliyowatoa. Vyovyote iwavyo, gridi ndogo ilipoteza chanzo kikubwa mara moja na haikuwa na kitu cha kasi cha kuziba pengo. Tanzania iko katika hali hiyohiyo kwa sura nyingine. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9, kila moja ya megawati 235, katika nchi ambayo mahitaji yake ya juu yanazunguka megawati 2,000. Mashine moja tu ikijitoa, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wa nchi hupotea kwa mkupuo. Mwanzoni mwa Aprili 2024 hitilafu ya gridi iliizima Tanzania pamoja na Zanzibar. Tangu Desemba 2024 gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Muungano huo unaongeza uimara, na pia unaruhusu mtikisiko wa jirani kuvuka mpaka.

Kuna ahadi moja ambayo haifai kutolewa jukwaani: kwamba betri zitamaliza mgao wa ukame. Mwishoni mwa 2022, mito ilipokauka, Tanzania ilipungukiwa na megawati 300 hivi. Kulifidia pengo la kiasi hicho kwa siku 30 kunahitaji megawati-saa 216,000. Mradi mkubwa uliotangazwa Abu Dhabi mwaka 2025, ambao lengo lake ni megawati 1,000 za sola usiku na mchana, unahitaji paneli za megawati 5,200 na betri za megawati-saa 19,000. Betri zote hizo ni chini ya sehemu ya kumi ya hitaji la mwezi mmoja wa ukame. Zanzibar nayo inakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu. Betri ya saa nne ingeisha kabla ya taarifa ya habari ya usiku. Ukame na waya ulioharibika hutibiwa kwa jotoardhi, gesi, njia ya pili ya umeme na sola inayookoa maji ya bwawani kwa kuyapumzisha mchana.

Kinachozuia betri Afrika Mashariki si bei ya makontena pekee. Mikataba ya ukanda huu hulipa kwa uniti iliyozalishwa, au hulipa mtambo wa mafuta kwa kukaa tayari. Betri inayopoteza uniti 15 katika kila 100 haiwezi kuishi kwa malipo ya uniti, na hakuna mstari kwenye bei za sasa unaolipia nusu sekunde iliyozuia nchi kuzimika. Wakati huohuo mwenye duka Kariakoo na mwenye hospitali Kisumu wamekwisha nunua inveta na betri zao kwa fedha zao, kwa hiyo uchumi unailipia hifadhi hiyo vipande vipande, ghali, na gridi hainufaiki nayo.

Mpangilio unaofaa ni kuanza na betri chache za makumi ya megawati, karibu na Suswa, Chalinze na vituo vingine ambako mzigo mkubwa hupita, zikilipwa kwa kutuliza masafa. Zifuate za jioni, zikinunuliwa kwa mfano wa Kenhardt. Wadhibiti wa nishati wa Kenya na Tanzania, EPRA na EWURA, wana mamlaka ya kuandika bei za huduma hizo mbili hata kabla kontena la kwanza halijashuka Mombasa au Dar es Salaam. Kila zabuni itaje megawati pamoja na megawati-saa, umbali kati ya kontena na kontena, na nani atayabeba makontena hayo umri wake ukiisha baada ya miaka 15 au 20. Mkataba usiotaja hayo urudishwe mezani bila kusainiwa.